Plasta Chini ya Sahani

Kila nyumba ya Mullengarra, mji mdogo wa wafuga kondoo, ilikuwa na plasta nyeupe kwenye droo ya jikoni, na haikuwa ya vidonda. Ilikuwa ya sahani. Mtu akifa, au akioa, au timu ya kriketi ikibahatika kushinda, wanawake walipeleka vyakula ukumbini, na chini ya kila sahani palibandikwa kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe, ili shughuli ikiisha kila mmoja arudi na chombo chake. Stesheni ya reli ilipotea, benki ikapotea, shule ikabaki na darasa moja, padri akawa anapita mara moja kwa mwezi kama msoma mita. Lakini sahani ya mtu haikupotea Mullengarra. Lorna Tregear aliolewa pale akiwa msichana, na hakuwahi kupoteza hata kifuniko.

Kwa hiyo mwaka ule wa ukame, alipofungua droo akakuta plasta imebaki kidogo na mjini hakuna msiba wala harusi, alijua ni mumewe anayeitumia. Merv alikuwa anabandika majina kwenye bunduki.

Hapa kuna desturi ambayo lazima isemwe waziwazi, maana wenyewe hawakuisema kamwe. Ukame ukikaza, bei ya kondoo haifikii hata nauli ya lori la kuwapeleka machinjioni, basi hupigwa risasi na kufukiwa. Lakini mtu hapigi kondoo wake mwenyewe. Jirani huja kumfanyia. Mwenye mifugo hukaa jikoni na mkewe, redio imefunguliwa kwa sauti ya juu, mpaka kazi iishe. Kisha jirani huingia, hunywa chai, na wakati wa kuondoka huichukua bunduki ya mwenye nyumba akisema anakwenda kuisafisha kidogo. Hairudi mpaka mvua inyeshe. Desturi hii ilianza enzi za baba yake Merv, baada ya mzee mmoja, Alf Dunstan, kuwamaliza kondoo wake asubuhi na kujimaliza mwenyewe kabla ya chakula cha mchana. Tangu siku hiyo watu wa Mullengarra walijua la kufanya, wakalifanya kwa adabu kubwa, bila yeyote kutamka kinachoogopwa. Adabu ya namna hiyo inaweza kumuua mtu.

Merv ndiye aliyekuwa jirani wa kila mtu. Alikuwa na shabaha, pombe hakuiendekeza, na aliongoza kikosi cha zimamoto cha kujitolea, kwa hiyo watu walishazoea kumwona mlangoni siku za balaa. Alianzia kwa akina Noonan, akaenda kwa Ross Haupt wa ng'ambo ya uzio, kisha kwa wengine wa barabara ya maghala. Kila alipotoka alirudi na bunduki ya mtu. Aliibandika jina kwenye kitako kwa herufi zake kubwakubwa, akaisimamisha ndani ya kabati la chumba cha kufulia, nyuma ya mifagio.

Mwanzoni Lorna aliona fahari. Si kila mwanamke ana mume wa kutegemewa na mji mzima. Baadaye akaanza kuona mambo. Merv alinawa mikono nje, kwenye bomba la tangi, kwa sabuni ya kusugulia sakafu, mpaka ngozi ikachubuka. Alikula amesimama. Aliacha kumtukana mbwa wake, ambaye kwa miaka yote alimtukana kwa mapenzi makubwa. Siku moja Lorna alimuuliza kwa Ross kulikuwaje, naye akajibu huku akitazama sahani yake.

"Wananifuata, Lorna. Wakiniona wanakuja mbio, wanadhani nimewaletea majani."

Halafu akaomba chumvi.

Lorna alikwenda kwa Ross, akamkuta amelala chali chini ya pampu ya kisima, mikono imejaa grisi. Ross alikuwa mtu mnene, mcheshi, wa kumtania hata mfiwa.

"Ross, njoo uchukue bunduki yako," Lorna alisema.

Uso wa Ross uliiva. Alidhani anapimwa. "Mimi niko sawa. Lakini mwache Merv akae nayo. Yeye akisema basi, ni basi."

"Sisemi habari zako."

"Za nani sasa?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini kulitoa kungekuwa sawa na kumvua mumewe nguo katikati ya barabara kuu, na Lorna alikuwa mtu wa Mullengarra kama wengine. Akasema kabati limejaa, hana pa kuweka mifagio.

Ross alicheka mpaka akajigonga kichwa kwenye chuma. "Kakugeuzia nyumba kambi ya jeshi. Mvumilie, dada. Yule ni jiwe. Mayai ni sisi."

Akajaribu kwa Beryl Noonan, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, aliyekuwa akisuuza vikombe baada ya mkutano. Alimwambia Merv halali. Beryl akasema nani analala, na upepo huu wa vumbi, kisha akamfungia keki ya zabibu ampelekee Merv, juu ya sahani yenye jina lake. Lorna alirudi nyumbani na keki. Hasira alizokuwa nazo njiani hakujua amwelekezee nani, akamwelekezea mbwa.

Kesho yake alilifunga kabati kwa ufunguo na kuuficha kwenye kopo la unga. Merv aliujaribu mlango, akageuka kumtazama kama anayetazama mwizi.

"Unafungia vitu vya watu?"

Hilo tu. Lorna aliona aibu, akaenda kuufukua ufunguo kwenye unga na kumpa, ukiwa bado mweupe.

Zamu yao ikafika. Tingatinga la kuchimba shimo lilipita katikati ya mji kuelekea kwa Tregear, na hakuna asiyeliona. Kwa desturi jirani alipaswa kuja. Lakini jirani yupi, na bunduki ipi? Zote zilikuwa kwa Merv. Ross angelazimika kwanza kwenda kuomba yake, na kuomba ni kujitangaza kwamba umepona, na nani angethubutu kujitangaza? Noonan aliwaza hivyohivyo, na wa barabara ya maghala pia. Kila mmoja akajiambia mwenzake ameshakwenda. Haya yote walikuja kuyasema baadaye, mmoja mmoja, kwa sauti za chini, na ukiyasikia unatamani kuwazaba vibao na kulia nao kwa wakati mmoja.

Merv alikwenda peke yake. Mtutu wa bunduki yake ulikuwa umechakaa kwa kazi ya msimu ule, akachukua ya Ross, iliyokuwa mpya. Lorna alikaa jikoni, akafungua redio. Alipika chai na kutandika vikombe kama anavyotandikiwa jirani aliyekuja kusaidia. Nje milio ilikwenda, ikasita, ikaendelea, ikakatika kabisa.

Merv aliingia. Siku hiyo alikaa kitini, na Lorna akashukuru kimoyomoyo kumwona amekaa. Alikunywa chai yote, akala kipande cha keki ya Beryl, akasema ni nzuri. Kisha akainuka na kuishika bunduki aliyoiegemeza mlangoni.

"Naenda kuisafisha kidogo," alisema.

"Haya," Lorna akaitikia.

Maisha yake yote aliyasikia maneno yale, na maisha yake yote yalikuwa na maana moja: mwenye nyumba yuko salama, hatari imeondoka na jirani. Yalimtuliza hata siku ile. Aliondoa vikombe mezani, na alikuwa ameanza kuviosha mlio mmoja uliposikika kutoka kwenye banda la kukatia manyoya. Maji yaliendelea kutiririka, na maji yale yalikuwa ya kupimwa kwa kijiko.

Mazishini alikuja kila mtu. Meza za ukumbi zilifunikwa na sandwichi, skonzi na keki, maana mji ulipokosa neno la kusema ulipika. Watu walimshika Lorna mkono wakamwambia Merv alikuwa jiwe. Wanaume walisimama nje wakizungumzia mawingu. Sala ikaisha, chai ikaisha, wanawake wakaanza kupindua sahani kusoma majina, na Beryl akapata ile ya keki ya zabibu, ambayo Lorna alikuwa ameiosha na kuileta.

"Ngojeni," Lorna alisema. "Kuna vyombo vyenu vingine."

Alikwenda kwenye pikapu, akarudi na mzigo uliofungwa kwa shuka. Akaenda tena, akaleta wa pili. Aliifungua mezani, kwenye makombo ya skonzi. Bunduki zilikuwa zimelala pale, plasta nyeupe kwenye vitako, herufi kubwakubwa za marehemu.

"Noonan," alisoma.

Noonan, mume wa Beryl, alikuja ameinamisha kichwa, akachukua yake. Lorna akaendelea kusoma. Walikuja mmoja mmoja, wanaume wazima, na hakuna aliyeweza kumtazama machoni. Ross Haupt alibaki amesimama karibu na birika kubwa la chai, akisubiri jina lake, mpaka meza ikabaki na bunduki moja tu iliyokuwa haina plasta.

"Yako haipo, Ross. Iko kwa polisi."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, alitafuta kiti kwa mkono bila kutazama.

"Ulikuja kwangu," alisema. "Pale kisimani."

"Nilikuja."

"Hukusema, Lorna."

"Sikusema. Na wewe hukuuliza."

Mwishowe Ross aliinuka na kuja mezani. Alitazama bunduki iliyobaki, ya Merv mwenyewe, yenye mtutu uliochakaa, ambayo ingerudi na mjane kwenye nyumba isiyo na mtu mwingine. Aliishika.

"Hii naenda kui…" alianza, na maneno yakamkwama. Alilia waziwazi mbele ya watu wote, yule mcheshi, kisha akayasema mengine. "Naichukua kwa sababu naogopa utajiua. Merv nilitakiwa kumwambia hivi. Nakwambia wewe."

Neno hilo halikuwahi kusikika ndani ya ukumbi ule tangu ulipojengwa. Beryl alifunika mdomo, kisha akaushusha mkono, akaja kusimama kando ya Lorna.

"Ichukue," Lorna alisema.

Alitoa mfukoni plasta iliyobaki, akakata kipande kwa meno, akaandika LORNA, na kukibandika mwenyewe kwenye kitako.