Dari la Bi Lamya

Philip aligonga kabari ya kwanza kulegeza mbao zilizobeba dari jipya la mawe, vumbi la chokaa likamdondokea usoni. Akabaki na nyundo hewani.

"Mbona umesita?" Bi Lamya akauliza. Alikuwa amekaa kitini katikati ya chumba, chini kabisa ya dari. "Gonga, baba."

Bibi huyu aliwahi kwenda Ufaransa na mumewe, wakaingia nyumba ya watawa ya miaka mia tisa. Matao ya mawe matupu, bila chuma, bila rangi, bila sanamu. Kwa watawa wale pambo lilikuwa kelele. Mumewe alipofariki, akataka chumba kama kile uani kwake Qurum, Maskati. Philip, fundi wa mawe kutoka Vihiga, Kenya, akaonyeshwa picha kwenye simu, akasema anaweza. Mtu aliye mbali na kwao husema anaweza.

Mawe aliyapanga vizuri juu ya fremu ya mbao. Lakini kwa kuliogopa jua la Maskati alilimwagia dari maji asubuhi na jioni, kama wanavyofanya kwa zege kwenye maghorofa ya Khuwair. Na hii ni chokaa, hukazwa na hewa, maji mengi huiacha mbichi. Jana alichomeka msumari kwenye kiungio, ukazama kama kwenye ugali. Akisema, atapandishwa ndege arudishwe kwao.

"Mwambie," Ian, msaidizi wake, akanong'ona, ameshika nguzo ya upande wa pili.

"Mwambie wewe."

"Fundi ni nani hapa? Mimi ni wa kushika mbao tu."

"Mama," Philip akaanza, "hebu toka kwanza. Kuna vumbi."

"Vumbi nnalijua. Nnataka mbao zikitoka niwe hapa hapa, nisikie kimya kinavoingia. Kule kwa watawa, marehemu mume wangu Badr hakutamka neno mpaka tulipotoka nje. Yalla, gonga."

Juu yao kitu kikalia, kama jino linalong'olewa. Jiwe moja likashuka upana wa ukucha. Philip akatupa nyundo, akaingiza bega chini ya fremu.

"Mama, chokaa ni mbichi. Mimi ndiye nimeiharibu. Dari litaanguka."

Bi Lamya akatazama juu, kisha akamtazama yeye. "Umelijua lini?"

"Jana."

"Na ukagonga, na mie nimekaa chini yake?"

"Ndio, mama."

Hakumtukana. Akashika mikono ya kiti, akajisukuma juu, akarudi kukaa. Akajaribu tena, akasimama. Ian hakuthubutu kuachia nguzo yake. Bega likimwaka moto, Philip akafumba macho, akasikiliza makubadhi ya bibi yakiburutika sakafuni kuelekea mlangoni, yakisimama, yakiburutika tena, huku chokaa mbichi ikimtiririkia mgongoni.