Kikohozi cha Mashine ya Unga

Mjukuu wangu tunamwita Kasuku, kwa kuwa mdomo wake haujui kupumzika. Siku tuliyohamia vyumba viwili vilivyo nyuma ya mashine ya kusaga, nilimkalisha kitandani nikamwambia, "Mtaa wetu hautajwi. Ukiulizwa unakaa wapi, jibu: kwa bibi. Basi." Na mtoto yule, Mungu ni shahidi yangu, hakulivunja neno langu hata mara moja. Kilichotuponza hakikutoka mdomoni mwake.

Tulikuwa tumemkimbia baba yake. Ni fundi wa injini, mtu wa sauti ya chini, anayesalimia wakubwa kwa wadogo. Mlango ukishafungwa ndipo anapokuwa mtu mwingine. Binti yangu alinijia mkono umefungwa kanga, akasema, "Mama, ameapa nikiondoka atanizika." Sikuuliza la pili. Nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu, mkwe wangu anaijua hadi bawaba zake. Nikaifunga, nikaenda na wanangu nisikojulikana.

Mwalimu wa Kasuku katika shule mpya, dada mchangamfu, alikuwa na utaratibu wake. Watoto wake wa darasa la nne hawakuandika insha zikaishia kwenye kabati. Kila mmoja aliisoma yake kwenye simu, ikarekodiwa, kisha sauti zote zikatumwa kwa darasa la rafiki yake, mwalimu wa shule nyingine, nao wakarudisha za kwao. Darasani kulikuwa na kelele kama sokoni, kwa hiyo Kasuku aliirekodi insha yake nyumbani, kwa simu yangu, amekaa kwenye kizingiti. Ilihusu asubuhi ya kwetu. Hakutaja mtaa wala jina la mtu. Nilimsikiliza nikiwa ninakunja nguo, nikampongeza.

Siku majibu yalipokuja alirudi anaruka. "Bibi! Mama! Njooni msikie, ni wenzangu wa shule ya zamani!"

Nguo ikanitoka mkononi. Mwalimu hakujua tulikotoka, maana hatukumwambia mtu. Katika shule zote za dunia hii, yule rafiki yake alifundisha ileile tuliyoikimbia.

Tulisikiliza kwenye simu yangu, mwalimu alikozituma. Mtoto mmoja alisoma habari za mbwa wao mwoga. Mwingine alisoma huku anacheka, hata maneno hayakusikika. Kasuku naye alicheka mpaka akajiegemeza ukutani. Kisha ikaja sauti ya mtu mzima, taratibu, kama anayembembeleza mgonjwa.

"Kasuku wa baba. Umesoma vizuri sana. Mwambie bibi yako hiyo mashine ya jirani nozeli yake moja ya mafuta imechoka, ndiyo maana inakohoa. Na mkanda umelegea, unapiga mluzi. Asijali. Nitakuja kuitengeneza."

Binti yangu alikuwa anachambua mchele. Aliuweka ungo chini polepole, kana kwamba una mayai.

"Irudie ile ya Kasuku," alisema.

Tukairudia. Safari hii sikuyasikiliza maneno ya mtoto, nilisikiliza nyuma yake. Nayo ilikuwepo, ile mashine tuliyoizoea hata hatuisikii tena: ta-ta-ta-ta, kisha inakwama kama mzee aliyepaliwa, kisha mluzi.

"Mashine za kusaga ni nyingi," nilimwambia.

"Atazipitia zote, mama. Wewe humjui. Ana subira ya paka."

Kasuku alitutazama, mmoja baada ya mwingine. "Sikusema mtaa, Bibi. Wallahi sikusema."

"Hukusema, mjukuu wangu. Umefanya vizuri." Nilimkumbatia, nikasikia kifua chake kinavyodunda kwenye tumbo langu.

Nilikwenda kwa mwenye mashine, nikamwomba aitafutie fundi upesi. Alikuwa mweupe kwa unga mpaka kope.

"Bibi, hii inakohoa tangu sijaoa," alisema, na wateja kwenye foleni wakaangua kicheko. "Ikiacha kukohoa nitajua imekufa, niitafutie sanda."

"Basi izime japo leo."

"Niizime, halafu hawa mama zako wanile mimi nyama?"

Nikacheka nao, kwa sababu mtu mwenye siri akikataa kucheka hutazamwa. Nikatoka, nikamwita mwalimu.

Mwalimu alipokuja, alilia. Lililomfikishia mkwe wangu sauti zile ni kundi la simu la wazazi wa shule ya zamani, ambalo hakuwahi kujitoa; humo ndimo naye alimoweka yake. "Nilidhani ni mzazi anampongeza mwanawe," alisema. "Nikaituma jinsi ilivyo."

"Machozi baadaye, mwanangu. Sasa nisaidie."

Tukapanga hivi. Binti yangu na Kasuku wangeondoka na lori la pumba. Mimi ningebaki nifue, nianike, nionekane, ili mtaa usiseme vyumba vimehamwa na mtu asiulize kwa nini. Wakifika, wasinipigie. Kasuku angerekodi insha fupi, mama yake angemtumia mwalimu, na mwalimu angenitumia mimi. Namba yao isingeingia kwenye simu yangu. Nilimwambia Kasuku, "Usisome mpaka usikie hakuna kitu."

Wakaondoka. Nikabaki na kuta.

Tangu hapo nilikuwa ninaishi kwa masikio. Usiku mashine ikilala nilisali. Mchana ikiamka nilisali pia, huku ninafua nguo zilezile zilizokwisha kutakata. Kila ilipokohoa nilisema moyoni, ahsante Mungu, bado. Kikohozi kile kilichotusaliti ndicho kilichokuwa kinanipa pumzi.

Kisha adhuhuri moja mashine ikazimwa. Nikasikia chuma kinagongwa, watu wanaongea, mtu anacheka. Nikasimama na nguo inadondosha maji. Ikawashwa tena.

Ta-ta-ta-ta-ta-ta. Ikanyooka kama uzi. Nilingoja ikwame, haikukwama. Nilingoja mluzi, haukuja. Ng'ambo ya ukuta mwenye mashine alikuwa anapiga kelele za furaha: "Fundi, Mungu akupe! Na hela hutaki?"

Niliingia ndani, nikakaa kitandani, nikataja jina la Mungu.

"Hodi."

"Karibu."

Aliinamisha kichwa mlangoni. Mikono yake ilikuwa na grisi, ameikunja kwa adabu asichafue kitu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Nimewatengenezea mashine."

"Nimesikia."

Alitazama kitanda kimoja, kikombe kimoja, viatu vyangu pekee mlangoni. Akaingia chumba cha pili, akatoka. "Wako wapi?"

"Walikokwenda, kinywa changu hakikujui."

Alisogea mpaka nikasikia harufu ya dizeli. Na hapohapo simu ikalia pale mezani, mlio mfupi. Tukaitazama wote wawili. Kwenye kioo palionekana neno Mwalimu, na alama ya sauti.

"Fungua, mama. Tusikie mtoto anasoma nini."

Vidole vyangu vilikataa. Akafungua mwenyewe, akaiweka sikioni, akafumba macho kama afanyavyo juu ya injini. Sauti ilinifikia nyembamba.

"Insha yangu inaitwa Kimya. Ninapokaa hakuna sauti. Nikisikiliza sana ninasikia damu yangu. Mwisho."

Akairudia. Akairudia tena, amekunja uso. Nilimtazama kipaji cha uso wake, nikimwomba Mungu amzibe jogoo, amzibe muuza maji, azuie pikipiki, azuie hata upepo. Nyuma ya sauti ya mtoto hapakuwa na kitu ila pumzi yake mwenyewe, imepiga kwenye blanketi.

Akafumbua macho. "Amejifunika," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Mjanja kama mama yake."

Niliona ngumi inakunjika. Nje mama mmoja alikuwa ananiita kwa nguvu, niende nikamwone fundi wa ajabu. Nikaitika kwa nguvu zaidi, "Yupo hapa kwangu! Njooni nyote!"

Miguu ikasikika inakuja. Ngumi ikafunguka. Mkwe wangu akaiweka simu mezani, akainama. "Nitapita tena, mama."

"Kwaheri, baba."

Wakamsindikiza kwa shukrani mpaka barabarani, naye akiwapungia.

Nilifunga mlango kwa komeo. Mashine sasa inasaga bila kukosea, na ndani ya mvumo wake sisikii tena mguu wa mtu ukikaribia dirisha. Nilitaka mno kumsikia mjukuu wangu. Nikajifunika blanketi gubigubi, nikaibana simu sikioni, nikaifungua insha yake kwa sauti ya chini kabisa.