Kwato za Bihogo

Siku hiyo Edvina hakutulia hata dakika. Alifika bustani ya mjini Kayanga kabla ya mafundi, kavaa gauni la kanisani, na miaka yake sitini na minne yote kaiacha nyumbani.

Chemchemi inayorusha maji juu, fahari ya mji, ilikuwa imekaushwa ikarabatiwe na kuwekewa jiwe la historia. Jiwe lenyewe lilishachongwa: *Mjenzi hajulikani.* Hajulikani vipi, wakati marehemu Ndyamukama, baba yake Edvina, ndiye aliyejenga birika la chemchemi hiyo kwa mikono yake anyweshe ng'ombe? Mji ulikuja baadaye, ukalivika vigae na kulitia bomba la kurushia maji. Jambo hilo lilimuuma Edvina mpaka chakula hakipiti.

"Mama, nahitaji ushahidi," alisema Winston, afisa utamaduni, mtu wa kuja kutoka Muleba. "La sivyo kila ukoo utaniletea babu yake."

"Basi bandueni vigae vya sakafuni, upande wa mlimani. Saruji ikiwa mbichi, ndama wetu Bihogo alitumbukia humo. Nikamfuata kumtoa, nina miaka sita. Baba akakataa kusawazisha, akasema Bihogo ameshamwekea sahihi. Mtakuta kwato zake na wayo wangu."

Winston akakuna kichwa. Vigae vya upande huo vilikuwa vimepasuka, vingebanduliwa tu. Akamwashiria fundi Egbert.

Tindo ikaanza kulia. Kigae cha kwanza, saruji tupu. Cha pili, tupu. Edvina aliishika rozari mfukoni. Cha tatu kilipong'oka, Egbert akapuliza vumbi, akainama kutazama.

"Afisa, hebu njoo."

Kwato mbili zilikuwa zimezama kwenye saruji. Kando yake wayo wa kushoto wa mtoto, kidole cha mwisho kimempanda mwenzake.

Edvina alivua kiatu, akashuka, akaweka mguu wake mkubwa kando ya ule mdogo. Kidole cha mwisho kilikuwa vilevile, kimempanda mwenzake.

Winston akavua kofia, anacheka kwa furaha. "Shikamoo, mwenye birika. Jiwe tutaligeuza, tuandike upande wa pili. Ndyamukama, sivyo?"

"Ndyamukama," alisema Edvina, kicheko na machozi vikigombania uso wake. "Na chini yake Bihogo. Baba asingekubali kuweka sahihi peke yake."