Kinanda Kilichofuata Saireni

Abdullahi alisogeza kando mikanda ya feni na kopo la grisi, akaweka televisheni juu ya kaunta ya duka lake la spea za malori, na mbele yake akaweka kompyuta. Kompyuta yenyewe haikuzidi sinia ya chai kwa ukubwa. Kakake alikuwa ameituma kutoka ng'ambo ili ahesabie bidhaa, lakini Abdullahi hakuwa ameihesabia hata boliti moja. Alitia kaseti, akabonyeza, nayo ikaanza kuchachatika kama samaki kwenye mafuta, maana hivyo ndivyo programu zilivyoingia kwenye kompyuta siku hizo. Nduta, fundi wa cherehani kutoka mtaa wa Langas, alikaa juu ya tairi jipya akisubiri kusikia kinanda cha mumewe.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nane, mwaka ambao watu walipiga kura kwa kujipanga mlolongo nyuma ya wagombea na wakati mwingine mstari mfupi ukashinda. Hakuna aliyestaajabu sana.

Kabiru, mume wa Nduta, alikuwa mpiga kinanda wa bendi iliyotumbuiza Eldoret mpaka Turbo, na lori la Abdullahi ndilo lililobeba vyombo. Kinanda kilikuwa cha umeme, cha ile aina ya zamani ambayo sauti yake hutoka kwenye saketi zinazopata moto polepole. Katika baridi ya Eldoret ilibidi kiwashwe mapema na kufunikwa blanketi ya mtoto. Kikipigwa kabla hakijapata joto, kilipiga mbinja na kunguruma kama redio inayotafuta stesheni. Mende walilipenda sana joto lake, na Abdullahi alikuwa amekifungua mara nyingi kuwafukuza, hata akazijua saketi zake kama alivyojua injini ya lori lake.

Mwaka uliotangulia, wanaume waliovaa kiraia walifika nyumbani kwa Kabiru kwa Land Rover. Mtu fulani alikuwa amewaambia kwamba Langas kuna mtambo wa kurushia matangazo ya kuipinga serikali. Wakaona vitufe, wakaona nyaya. Kabiru alikuwa mtu wa kuamini kwamba jambo likielezwa vizuri huisha, basi akakiwasha kinanda waone wenyewe kwamba ni kinanda tu. Ilikuwa asubuhi na mapema, baridi imekaza. Kinanda kikapiga mbinja, kikanguruma, na wale watu wakakichukua pamoja na mwenyewe.

Tangu siku hiyo kila ofisi aliyoiendea Nduta ilimwambia haina mtu wa jina hilo. Moja ilimdokezea kwamba wanaume wengi huvuka kwenda Uganda na kuoa huko. Kanisani hawakujua wamwombee kama mke au kama mjane. Yeye mwenyewe hakujua, na kutojua huko ndiko kulikomla. Angeambiwa moja, lolote lile, angelishika na kuishi nalo.

Abdullahi hakuwa na mjomba serikalini. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu ya zile saketi, na upendo kwa rafiki yake ambao hakuwahi kuutamka kwa sababu wanaume wa duka la spea hawatamkiani mambo kama hayo. Kwa hiyo alikaa akakiandika upya kinanda ndani ya kompyuta, saketi baada ya saketi. Hii inapandisha sauti, hii inaipunguza ukali, hii inachelewa kidogo kwa sababu Kabiru aliimwagia chai harusini. Aliiandika hata ile chai.

Kaseti iliponyamaza, alibonyeza herufi moja na televisheni ikalia sauti nene, tamu, iliyopinda kidogo mwishoni. Abdullahi alimgeukia Nduta kwa fahari.

"Si yeye," Nduta alisema.

"Si yeye vipi? Hii ni hiyo hiyo kinanda."

"Inalia kama ya redio. Hiyo sauti ya kulinganishia umetoa wapi?"

"Kwa redio. Zile pip-pip za saa. Hiyo ndio standard ya dunia yote, Nduta."

"Dunia yote ilikuwa kwa bendi? Kabiru alikuwa anafuata saireni."

Abdullahi alijishika kichwa, kwa kuwa alikuwepo mara zote hizo na alikuwa amesahau. Saireni ya kiwanda cha nguo ilipolia, Kabiru aliinama juu ya kinanda na kuzungusha kitufe mpaka sauti mbili ziwe moja. Gitaa na tarumbeta vilifuata kinanda, na hivyo sauti ya bendi nzima ilikuwa juu kidogo kuliko ya bendi zote za Kenya. Mjini hakuna aliyelalamika. Saireni ndiyo iliyowaamsha na ndiyo iliyowatoa kazini, na muziki uliolingana nayo waliuona ndio umelingana.

Walikunywa chai ya Fatuma, mke wa Abdullahi, wakangoja zamu ya mchana imalizike. Saireni ilipolia, Abdullahi alipandisha namba kwenye programu kidogo kidogo mpaka sauti mbili zikawa moja. Kisha saireni ikanyamaza kule nje, na wakati huo huo saireni nyingine ikanyamaza ndani ya televisheni.

Hapo ndipo walipojua kwamba programu imekamilika. Ilikuwa imeandikwa kwa uaminifu, na iliiga kinanda chenyewe pamoja na mahali kilipo. Kulisikika viti vikiburutwa na sahani zikipangwa. Mtu alisema, "Wageni waheshimiwa," akakohoa. Halafu kinanda kikaanza kupigwa na mtu ambaye mkono wake wa kushoto ulichelewa kidogo nyuma ya wa kulia.

"Ni yeye," Nduta alisema.

"Ni yeye," Abdullahi alikubali. "Na yuko hapa hapa mjini. Saireni imemfikia wakati mmoja na sisi." Akaenda kumwambia Fatuma aongeze maji kwenye sufuria.

Ikawa desturi. Kila Jumamosi alasiri, mahali fulani mjini, wakubwa walifanya sherehe zao na Kabiru akawapigia, na kila Jumamosi Nduta alifunga cherehani akaja dukani na mama mkwe wake, Mama Waithira. Mama huyo alikaa karibu na televisheni, mkono kwenye shavu.

"Amekonda," alisema siku ya kwanza. "Sikia vile anagusa. Hawampi chakula ya maana."

Wiki moja Nduta aliegemea kaunta na kidole chake kikabonyeza herufi ya chini. Kule kwenye sherehe besi ikanguruma. Kabiru akasita. Sauti ya mtu ikasema, "Kinanda inajipiga upande moja," na nyingine ikajibu, "Wacha ijipige, bora muziki." Nduta akabonyeza tena, na Kabiru akaondoa mkono wake wa kushoto ili kumpa nafasi.

Tangu hapo walipiga pamoja. Nduta hakuwa mwanamuziki, lakini miaka ya kukanyaga cherehani ilikuwa imeupa mguu wake mwendo usioyumba, na besi haitaki zaidi ya hapo. Alipokosea, Kabiru alilirudia kosa lake kwa juu, mara mbili, mpaka likaonekana ni sehemu ya wimbo. Hivyo ndivyo alivyokuwa nyumbani pia, ugali ukiungua alikula ule ukoko kwanza na kuusifu. Katika ndoa yao hawakuwahi kukaa kitini pamoja namna hiyo. Jumamosi alikuwa akienda kwenye bendi, naye Nduta akabaki na sare za shule za kushona. Sasa alimkaribia mumewe kuliko zamani, na jambo hilo lilimfurahisha na kumuumiza kwa kiasi kile kile.

Kumjua yuko hai hakukutosha, alimtaka nyumbani. Ijumaa moja, siku ambayo walikuwa wamegundua Kabiru hufanya mazoezi peke yake, Abdullahi alibeba televisheni na kompyuta kwa lori mpaka kwenye mojawapo ya zile ofisi. Afisa wa hapo aliitwa Shitanda. Aliwaruhusu kuchomeka waya kwenye soketi ya birika lake, akasikiliza mpaka vidole vyake vikaanza kugonga meza.

"Huyu ni yule wa sherehe zetu," alisema. "Hata mimi Jumamosi nilicheza mpaka shati ikalowa."

"Basi yuko," Nduta alisema.

"Kupiga, anapiga vizuri, hiyo hakuna mtu anakataa. Lakini kuwa, Mama, hayuko. Mtu wa jina hilo hatuna."

"Na saireni, afande? Inalia huku na inalia kwake."

"Saireni ni ya kila mtu." Alisikiliza tena, kichwa kimeinama upande. "Na ile besi ya Jumamosi ni nani?"

"Ni mimi."

"Ni wewe." Shitanda alimtazama kwa heshima mpya. "Iko sawa kabisa. Lakini wakati wa hotuba punguza kidogo. Wiki iliyopita mkubwa hakusikika."

Nduta alirudi Langas akawaza kutopiga tena. Kwa nini awachezeshe watu hao? Lakini akiacha, Kabiru angekaa na mkono wake wa kushoto umeondolewa, akingoja, na yeye hangeweza kumfikiria akingoja. Jumamosi alifunga cherehani kama kawaida. Abdullahi alisogeza grisi, Fatuma akaleta chai na mikate laini ya anjera, Mama Waithira akajifunga kitambaa chake cha kanisani.

Siku hiyo walipiga kuliko siku zote. Kabiru alicheka kwa vidole, kama alivyokuwa akifanya akiwa na furaha, na Nduta akamjibu kwa chini. Viatu vya wakubwa vilisikika vikikanyaga sakafu kwa mwendo wa mguu wake. Walipomaliza, ukumbi mzima ulipiga makofi, marefu na ya kweli. Nduta hakuwahi kupigiwa makofi tangu azaliwe. Kabla hajajizuia, alijikuta ameinamisha kichwa kuelekea televisheni kuwashukuru. Kisha akaelewa alichofanya, akashikwa na hasira, na Abdullahi akajifanya anatafuta boliti chini ya kaunta.

"Amesema atakuja lini?" Mama Waithira aliuliza.

"Hajasema, Mama. Leo kazi ilikuwa mingi."

Jumatatu Nduta alikwenda tena ofisini kumuulizia mumewe. Shitanda aliinuka kumlaki, akampa kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaagiza chai ya maziwa ije na mkate. Alimngoja anywe mpaka amalize. Kisha akamwambia hawana mtu wa jina hilo.