Mafundo ya Kingori

Walikuwa wameshaagana. Mzee Nderitu alikaa kiti cha mbele cha pikapu, kofia magotini, fimbo katikati ya miguu. Nyuma beberu alikuwa amefungwa akitafuna pembe ya turubai, na kando yake debe la muratina, pombe ya kienyeji, limezibwa kwa majani ya mgomba. Mwanasiti, mke wa fundi, alikuwa amesema nendeni salama mara mbili. Theuri, mwenye gari, akapunga mkono, akazungusha ufunguo.

Stata ililia, ng'we, ng'we, ng'we, kisha kabureta ikatoa mlio kama bunduki ya kufukuzia nyani. Moshi ukachungulia pembeni mwa boneti. Beberu akajirusha hadi kamba ikamrudisha.

"Hiyo ni kusafisha koo," akasema Sulemani fundi. "Washa tena."

Theuri akawasha tena. Ng'we, ng'we, paa.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Aprili, mwaka wa sabini na sita, saa moja unusu asubuhi, katika uwanja wa Sulemani kule Majengo, Nyeri. Saa sita kamili Theuri alitakiwa awe Kangema kwa mkwe wake, Mzee Gicheru, akamwombe mkewe arudi. Wacera alikuwa ameondoka tangu Januari, na kilichomwondoa ni pikapu hiyo hiyo. Theuri aliuza ng'ombe wa maziwa ili ainunue, ng'ombe ambaye Wacera alimlea tangu ndama kwa mkono wake, na hakumwambia mpaka kamba ilipobaki tupu. Miezi miwili baadaye injini ikafa. Wacera hakupiga kelele. Alifunga sanduku, akachukua watoto wawili, akapanda basi.

Ujumbe wa Gicheru ulikuja kwa mdomo, nao haukuwa mrefu. Jumamosi, kabla jua halijapinda. Aje na mzee mmoja, beberu na pombe, na aje na gari hilo lenyewe, si la kuazima. Kama ni bora kuliko ng'ombe, watu walione likitembea. Wazee wanne watakuwa wamekaa. Jua likipinda watasimama, na yeye Gicheru hatawaita mara ya pili.

Kwa hiyo Theuri alitafuta injini nyingine, akaipata Karatina kwa fundi Kingori, aliyeing'oa kutoka gari la Pijo lililobingirika. Kingori angeifunga mwenyewe, lakini alikuwa na magari ya wiki tatu mbele yake. Ndipo Theuri akaileta kwa Sulemani, fundi wa malori wa miaka thelathini, ambaye aliifunga kwa siku nne na kumaliza Ijumaa jioni. Hakuiwasha. Sulemani alikuwa na sheria yake: injini ikihamia gari jingine, mkono wa kwanza kwenye ufunguo ni wa mwenye mali. Fundi akitangulia, gari humzoea fundi na kila mwezi humrudia. Watu wa Majengo walilijua hilo, na mpaka asubuhi ile lilikuwa halijawahi kumwaibisha.

"Shuka, Mzee," Theuri akamwambia Nderitu.

"Sishuki. Nikishuka nitakuwa nimerudi, na safari ya kuomba bibi hairudi. Tengenezeni, mimi niko."

Sulemani akafungua boneti. Akachomoa waya wa plagi, akaushika karibu na chuma, akamwambia Theuri awashe. Cheche ikaruka, ya buluu, nzuri. Akachomoa bomba la petroli, petroli ikaruka kwenye chupa aliyoikinga. Akatoa plagi zote nne, zilikuwa zimelowa. Akazifuta kwa shati lake, akazichoma kidogo motoni, akazirudisha. Paa.

"Moto iko," Theuri akasema. "Petroli iko. Sasa inataka nini, chai?"

"Usinifundishe kazi."

"Sikufundishi, fundi. Nakuuliza."

"Basi uliza ukiwa umenyamaza."

Wakaisukuma. Wanaume sita wa mtaani walikuja na matope yao miguuni, wakaiteremsha hadi karibu na msikiti, Nderitu akiwa bado mbele amekaa wima kama bwana shauri wa wakoloni. Theuri alipoachia klachi pikapu ilirusha milio mitatu mfululizo, ikasimama katikati ya dimbwi. Ikabidi waisukume tena kupanda. Walipofika uwanjani wawili walikuwa wamekwisha kutoroka.

"Sulemani," akasema mmoja wa waliobaki, akihema, "hii ni gari ama ni bunduki ya kuwindia?"

Saa tatu ikapita. Sulemani akabadilisha koili kwa kuazima ya lori. Paa. Akasugua platini za umeme kwa msasa. Paa. Akafungua kabureta, akaipuliza matundu yote kwa mdomo, akatema petroli, akaifunga. Alipoinama kusikiliza, ulimi wa moto ukatoka ukamlamba nyusi moja. Mwanasiti akaleta maji, akamtazama mumewe, akayaweka chini.

"Tumwite Kingori," Theuri akasema.

Sulemani hakugeuka. "Kingori nilimfundisha mimi kushika spana. Alikuja hapa hajui mbele na nyuma ya injini."

"Lakini hii injini yeye ndiye aliitoa."

"Na mimi ndiye niliyeitia. Aliweka alama yake, nikaifuata. Tazama." Akamwonyesha waya za plagi. Kila waya ilikuwa na uzi wa katani wenye mafundo: moja, mawili, matatu, manne. Hiyo ilikuwa desturi ya Sulemani mwenyewe, kwa kuwa rangi hufutika na karatasi hulowa, na Kingori aliichukua hapo uwanjani akiwa mwanafunzi. "Fundo moja, silinda ya kwanza. Manne, ya nne. Hata kipofu angeweka."

Theuri akatazama jua. Alitamani kupiga kitu teke, lakini karibu naye palikuwa na debe la muratina tu, lililoteremshwa kwa sababu Sulemani hakutaka pombe ikae juu ya gari linalotengenezwa kwake.

"Fundi," akasema polepole, "mimi naulizia bibi yangu. Siulizii heshima yako. Nikikosa leo, wale wazee hawakai tena. Watoto wangu wataitwa wa babu yao, si wangu. Wewe ukikosa, utachekwa na watu msikitini wiki moja, iishe."

Sulemani akakaa juu ya gurudumu la lori. Akaipangusa ile nyusi iliyobaki.

"Nenda," akasema. "Kamuulize. Na usimwambie nimeungua."

Ilikuwa saa nne na robo. Theuri alidandia lori la mkate lililokuwa likielekea Karatina. Lilisimama kila duka. Mji ulikuwa na soko siku hiyo, na kutoka barabarani hadi gereji ya Kingori alipita kwa mabega, kati ya magunia ya viazi na mikokoteni ya kabichi, akiomba njia na kutukanwa. Miguu ya Kingori ilikuwa inatokeza chini ya teksi.

"Haiwaki," Theuri akaiambia ile miguu. "Moto iko, petroli iko. Inapiga risasi."

"Inapigia wapi? Kwa kabureta?"

"Kwa kabureta."

Spana ikaanguka. "Fundo moja aliweka wapi?"

"Mbele. Kando ya rejeta."

Miguu ikaanza kutikisika. Kingori alikuwa anacheka. Akajivuta nje, uso mweusi kwa oili, machozi yakimtoka.

"Mwalimu wangu," akasema. "Ai, mwalimu wangu. Malori yake yote ya Kiingereza, silinda ya kwanza iko kwa rejeta. Pijo inahesabiwa kutoka nyuma, kwa flaiwili, kule inaunganika na giaboksi. Fundo moja ni ya nyuma. Sasa kila moto inafika wakati mlango wa hewa iko wazi, ndio inatemea kabureta. Ageuze zote nne. Dakika tano."

"Na mbona hukuniambia nikinunua?"

"Fundi wa miaka thelathini, mimi nimwambie hesabu inaanza wapi? Angenirushia nyundo." Akaacha kucheka. "Ulikuwa unaenda mahali?"

Theuri alikuwa amekwisha kugeuka.

Gari la kurudi lilikawia. Jua lilipinda akiwa njiani, amekaa juu ya magunia ya mbolea, na alilitazama likipinda kama mtu anayetazama mtungi ukianguka akiwa mbali. Alipofika Majengo ilikuwa saa saba kasorobo. Nderitu alikuwa amelala mbele, mdomo wazi. Theuri akasema maneno manane au tisa. Sulemani akasikiliza, akainama, akazigeuza waya. Theuri akagusa ufunguo na injini ikashika mara moja, laini, kana kwamba haijawahi kuwa na ugomvi na mtu.

Hakuna aliyeshangilia. Sulemani alifunga boneti kwa viganja viwili.

"Jua limekwisha pinda," akasema Nderitu alipoamka.

"Najua."

"Na bado unaenda?"

"Nisipoenda Wacera atasema hata sikuanza."

Walipita Othaya na Kiriaini, barabara yote uji wa udongo mwekundu, na pikapu haikukohoa hata mara moja. Hilo lilimuudhi Theuri kuliko milio yote ya asubuhi. Wakafika Kangema karibu saa kumi na moja. Uani kwa Gicheru viti vinne vilikuwa vimepangwa kando ya ukuta, vitupu. Gicheru alitoka, akalizunguka gari, akaligonga ubavuni kwa fimbo.

"Inatembea," akasema.

"Inatembea, Baba."

"Wazee walisimama saa sita na nusu. Niliwaongezea nusu saa, na sikuahidi hiyo."

Wacera alikuwa mlangoni, mtoto mdogo ameshika leso yake. Theuri akaanza kueleza habari za silinda na mafundo. Alijisikia akieleza, na aliona kwamba kila neno lilikuwa la gari.

"Umekula?" Wacera akamuuliza.

"Bado."

Akampa chakula. Hakuingia kwenye gari.

Beberu alirudi Gakindu, nyumbani kwa Theuri, akauzwa Agosti. Muratina waliimaliza Nderitu na Gicheru jioni ile ile, wakiimba. Gicheru alifariki miaka mitatu baadaye bila kuwaita wale wazee tena. Sulemani aliendelea na malori mpaka macho yalipomshinda. Pijo hakuzigusa tena, alizituma Karatina. Kingori baadaye alihamia Nanyuki. Wacera alichukua kibanda sokoni Karatina, akauza vitunguu na kabichi, akasomesha watoto wote wawili, nao waliitwa wa Theuri. Theuri alimbebea kabichi kila Jumanne kwa pikapu hiyo, miaka minane, hadi sakafu yake ilipoliwa na kutu. Kila mmoja alilala kwake. Wengine walisema wameachana, wengine walisema hapana.