Usubi wa Banda la Matofali

Karatasi ya kwanza niliyoibandua ilikuwa safi. Ya pili ilinasa mbu wawili. Ya sita, niliyokuwa nimeitundika bandani kwa kaka yangu katikati ya marundo ya matofali mabichi, ilikuwa imejaa usubi, wadogo, wa rangi ya majani makavu, mabawa yamesimama. Niliishika kwa ncha za vidole, moyo ukanidunda kwa furaha. Furaha, ndiyo, sitadanganya. Nilikuwa nimeshafika langoni nilipokumbuka banda lilikuwa la nani.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita, mpima damu katika zahanati iliyo kando ya kinamasi. Mwaka ule watu walianza kuja na vidonda vya ajabu, vya mviringo, kingo zimeinuka na katikati pamechimbika, wala havikuwa vikiuma. Kila mtu alisema ni matete. Wakata matete hujichanachana, maji yale machafu, yamekwisha. Nami niliamini, mpaka alipokuja fundi cherehani na kidonda kwenye kope. Fundi yule alikuwa mwoga wa maji kiasi kwamba watu walimtania eti hata kuoga huomba msindikizaji. Matete angekutana nayo wapi?

Swali hilo halikuniacha. Nikakwangua ukingo wa kidonda chake, nikapaka ute wake kwenye kioo na kuutia rangi, nikainamia hadubini. Vidude vya mviringo vilikuwa vimejazana ndani ya chembe za mwili, kila kimoja na nukta na kijiti pembeni. Daktari wetu alivitambua. Akanieleza kuwa ni leishmania, vimelea vinavyoenezwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, asiyelia sikioni, anayejificha kwenye nyufa zenye unyevu na kuruka mwendo mfupi tu.

Mwendo mfupi. Maneno hayo mawili yalininyima raha. Kama hafiki mbali, basi anaishi jirani na watu wangu.

Nikachora mtaa mzima nyuma ya kalenda kuukuu. Nikapita nyumba kwa nyumba nikiuliza nani ana kidonda, analala wapi, kitanda chake kiko ukuta gani. Wanawake wakanibandika jina la Bi Maswali, na mmoja alitaka kujua kama natafuta wagonjwa au natafuta umbea. Nukta zangu za wino zikasongamana upande mmoja wa mtaa, na bado sikuona kuwa ni upande wa kaka. Daktari akanipa karatasi za kupaka mafuta ya mbarika yanayonasa wadudu, nizitundike jioni, nizibandue asubuhi.

Kaka ndiye aliyenilea. Wazazi wetu walipofariki aliacha shule akaanza kufyatua matofali ya udongo wa kinamasi, na matofali hayo ndiyo yaliyonisomesha. Msimu ule mvua haikumpa nafasi ya kuyachoma. Yalikaa bandani miezi, yakipasuka taratibu, kuku wakilala juu yake.

Nilipaswa kwenda kwake kwanza. Nilikwenda kwa daktari, karatasi mkononi, kama mtoto anayekimbilia kuonyesha daftari lenye alama ya vema.

Mchana nilimkuta wifi yangu akikunja nguo. Nikaanza kumweleza kwa kuzungukazunguka, lakini hakungoja nimalize. Akafungua mtandio shingoni. Kidonda kilikuwa na ukubwa wa kifuniko cha chupa.

"Tangu lini, wifi?"

"Tangu mvua zilipoanza. Nilijua nikikuonyesha tu, utaniuliza nilikuwa nimesimama wapi."

Alikuwa akisimama bandani kila magharibi, akifunika matofali ya mumewe.

Kaka aliporudi nilirudia yote. Alisikiliza huku akichokoa udongo kwenye kucha, kisha akauliza nani mwingine anajua. Nikamtajia daktari.

"Kwa hiyo ulianza kwa daktari," alisema, akatoka.

Kesho yake alibomoa marundo yote peke yake, akafukia matofali yaliyopasuka, akawahamishia kuku mbali. Kisha akaziba nyufa za kila nyumba ya upande ule kwa mikono yake, bila kumwambia mtu sababu. Wifi alichomwa sindano siku ishirini, na zilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Kaka alimsindikiza kila siku hadi mlangoni pa zahanati, akabaki nje. Tulisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni. Vidonda vipya vilipungua, ingawa havikwisha kabisa, na hilo nalo sikuweza kulieleza.

Mwaka uliofuata, siku wifi alipokuja kukaguliwa kovu, kaka aliingia ndani. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akaitazama hadubini, kisha akanitazama mimi.

"Kuna jambo hukuniuliza. Bandani nilishinda mimi kuliko mtu yeyote. Mbona mimi sikupata?"

Nilikuwa nimehoji mtaa mzima, isipokuwa yeye.

Akakunja suruali, akageuza mguu. Nyuma ya goti palikuwa na kovu la duara, la zamani sana, limepauka.

"Hili nililipata nikichunga mbuzi wa baba, wewe hujazaliwa. Tulikuwa nalo wengi, na wazee walisema aliyepona hapati tena."

Nikavuta kiti karibu naye.

"Mlikuwa mkichungia wapi, kaka?"

Akavua kofia akaiweka juu ya meza, kama mtu asiye na haraka, akaanza kunieleza.