Bata Aliyechelewewa

Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, Safiyo alishikwa na uchungu wa kuzaa kule Hadado. Barabara ilikuwa bado inapitika, lakini mumewe Siyad aliambiwa gari la wagonjwa halina mafuta. Lilipofika, Safiyo alikuwa ameshafia kwenye uchungu na kuzikwa, na mafuriko yamesomba mbuzi wote.

Msimu huu bata bukini wametua tena kwenye silanga, lile bwawa la kunyweshea mifugo. Siyad na binti yake Hani wakatega vitanzi majanini.

“Aabo, mama angetucheka. Msomali kula ndege!” Hani akamwambia baba yake.

“Angecheka tu. Wetu walikwenda na maji; mbuzi wamebaki kwa mheshimiwa mbunge.”

Asubuhi walikuta bata wawili wamenaswa. Mmoja alikuwa hai. Siyad akamwelekeza kibla, akasema bismillahi, akamchinja. Wa pili alikuwa ameshakufa, mwili ungali na joto. Akamtupa.

Hani alimchemsha yule halali kwa chumvi na iliki mpaka jua likawa kali, na bado nyama ilikuwa ngumu. Wakala hivyo hivyo.

“Yule mwingine alikosa nini, Aabo?”

“Hakukosa. Sisi tulimchelewea.”

“Na mama?”

Siyad alikwisha kuuliza ofisi zote mafuta ya gari yalikwenda wapi, na kila mara aliambiwa arudi Jumatatu. Akamsogezea binti yake paja la bata. Waliomchelewea Safiyo ni nani?